Gari la Mzee na Elimu ya Kusimama

Watu wengi husifu safari kwa mwendo wake. Husema fulani alitoka Tabora alfajiri, akaingia Kigoma kabla ya jua kuchwa. Lakini ni wachache wanaosema kwamba fulani alijua mahali pa kusimama. Sisi nasi tulikuwa katika wengi hao, mpaka siku moja ya mwaka 2019 tulipofundishwa na mteremko. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi gari kuukuu alilotuachia baba yetu lilivyobadilishwa breki zake za mbele, na ubishi uliozuka kwa ajili ya badiliko hilo. Jambo lenyewe laweza kuonekana kuwa dogo, jambo la gereji na grisi, lisilostahili nafasi katika kitabu cha utamaduni. Twamwomba msomaji atuvumilie. Huenda akaona kwamba swali tulilokutana nalo chini ya uvungu wa gari ndilo swali linaloulizwa kila siku juu ya mila, lugha na desturi zetu.

Tabora ni mji uliozaliwa na safari. Kabla ya reli na kabla ya gari, hapa Unyanyembe ndipo zilipokutana njia za misafara: moja ikitoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo, nyingine ikiendelea magharibi hadi Ujiji, nyingine zikielekea nchi za ziwa la kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kila mahali kwa ustahimilivu wao. Mpagazi mmoja aliweza kubeba mzigo wa kilo 30 na zaidi, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Mbele yao alitangulia kirangozi. Kazi yake haikuwa kwenda mbio. Ilikuwa kujua njia, kujua maji yalipo, na kujua wakati wa kutua mizigo. Mtu wa mbele akikosea kusimama, walio nyuma hugongana au hutawanyika.

Lakini njia hiyo hiyo ilipitwa na watu wengine ambao hawakuwa na ruhusa ya kusimama. Walikuwa mateka waliofungwa minyororo na kusukumwa hadi pwani kuuzwa. Hao walisimama pale tu walipoamriwa, au pale miili yao iliposhindwa kabisa. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, nayo hutajwa kwa vituo vyake, navyo ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kila tuyasomapo majina hayo hukumbuka kwamba tofauti ya mpagazi na mtumwa haikuwa katika mwendo, maana wote walikwenda njia moja. Tofauti ilikuwa katika kusimama: mmoja aliweza kuutua mzigo wake, mwingine hakuweza.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kichwa cha mpagazi kikaanza kupumzika. Baada ya reli yakaja magari. Gari la baba yetu lilikuwa pikapu ya Land Rover, ile ndefu ya inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, iliyoundwa mwaka 1974. Aliinunua katika mnada mwaka 1986, ikiwa tayari imechoka, akaifufua. Ilibeba tumbaku ya Urambo na asali ya Sikonge. Ilibeba maharusi, wagonjwa na maiti. Mtaani petu hapakuwa na mtu mzima ambaye hakupata kuipanda, na wengine, kama desturi ya dunia ilivyo, waliipanda mara ya mwisho bila kujua.

Mzee alikuwa na kawaida moja iliyotuchosha sana tulipokuwa vijana. Kila alipofika kilele cha mlima alisimama, akashuka, akazunguka magurudumu manne na kuyakaribia kwa mgongo wa kiganja ili ayapime joto. Tukimwambia tunachelewa hujibu, “Aliyechelewa bado yuko njiani.” Alifariki mwaka 2018, tukairithi pikapu. Kwa bahati mbaya, kawaida yake hatukuirithi.

Mwaka uliofuata, katika likizo yetu, tulipeleka asali Singida, na wakati wa kurudi tukapakia madumu ya mafuta ya alizeti. Tulikuwa na mpwa wetu, kijana wa miaka kumi na sita. Barabara itokayo Singida kuelekea Nzega huteremka kwa ghafula katika mlima wa Sekenke, mahali ambapo madereva wa malori hupataja kwa sauti ya chini. Hatukusimama kileleni. Tulianza kuteremka kwa gia ya tatu, tukiikanyaga breki kidogo kidogo, mara nyingi. Kwanza tulisikia harufu kama ya kitambaa kinachoungua. Kisha mguu, ambao siku zote ulikutana na ukaidi wa pedeli, ukazama kama mtu aliyekanyaga tope. Tukapampu mara mbili, mara tatu, hapana kitu. Mbele yetu palikuwa na lori lililokuwa likiteremka polepole. Tuliingiza gia ya pili kwa nguvu, injini ikalia, tukaipeleka gari upande wa mlima hadi ubavu wake ukasuguana na ukingo wa udongo, nayo ikasimama. Dumu mbili zilipasuka. Mpwa wetu hakulia wala hakusema neno. Alishuka, akakaa juu ya jiwe, akatutazama. Twakiri kwamba kutazamwa kule ni kuzito kuliko mzigo wowote uliopata kubebwa na gari lile.

Gari lilipovutwa hadi Tabora, tulilipeleka kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akimfahamu marehemu. Alitusikiliza, akafungua magurudumu, akachovya kidole katika mafuta ya breki yaliyokuwa yamegeuka rangi kama chai ya rangi iliyolala.

“Mwanangu,” akasema, “nusu ya kosa hili ni ya breki. Nusu ni yako.”

Akatueleza, nasi twaeleza hapa kwa ajili ya wanafunzi, maana somo hili la fizikia liko katika kila barabara. Kusimamisha gari ni kuugeuza mwendo wake kuwa joto. Pikapu na mzigo wake, tuseme tani mbili na nusu, ikienda kilomita 80 kwa saa, ikisimamishwa mara moja hutoa joto linalotosha kuyachemsha maji ya lita mbili hivi. Ikienda kilomita 40 kwa saa, joto hilo si nusu bali robo, kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Ama mlimani, kila mita 100 za kuteremka wima hudai joto la kuchemsha lita zisizopungua saba, na joto lote ambalo injini haikulipokea hulipokewa na breki. Baba yetu hakuwahi kukokotoa hesabu hii. Aliisoma kwa mgongo wa kiganja.

Breki za zamani za gari letu zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Dramu ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, viitwavyo breki shuu, ambavyo hutanuka na kuisugua sufuria kwa ndani. Kwa mwendo wa mjini dramu hufanya kazi njema. Lakini joto lake hukaa ndani kama joto la tanuri, na chuma kikipata moto hutanuka, sufuria ikazikimbia shuu zinazoifuata. Ukivuka mto, maji huingia humo yakachelewa kutoka. Zaidi ya hayo, breki za mbele za gari lile zilipangwa zishike kwa nguvu linapokwenda mbele. Likirudi nyuma mlimani, ushikaji wake hupungua. Juu ya yote, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji yaliyomo huchemka kwa joto, mvuke ukajaa katika mabomba, na mvuke hukubali kubanwa: ndiyo maana mguu wetu ulizama. Hiyo ndiyo nusu ya kosa iliyokuwa yetu.

Breki za diski zimejengwa kwa wazo jingine. Pana sahani ya chuma iliyo wazi kwa upepo, na kalipa inayoibana kwa pedi mbili, huku na huku, kama mtu anavyoshika chapati kwa vidole. Joto lake huondoka na hewa, maji yake hurushwa na mzunguko. Wala wazo hili si la juzi. Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902, miaka kumi kabla ya treni kufika Tabora. Likakaa nusu karne likingoja vyuma na vitambaa vya kulistahili, hata mwaka 1953 gari la mashindano la Jaguar lenye breki za diski likashinda katika mbio za Le Mans, Ufaransa. Na mwaka 1955 gari la Citroën DS likaanza kuuzwa likiwa na diski mbele. Kwa hiyo tulichokuwa tukikiita kipya kilikuwa na umri wa kuwa babu ya pikapu yetu.

Kwa nini mbele? Gari likishikwa breki, uzito wake huinamia mbele, kama abiria wanavyoinama. Magurudumu ya mbele hukandamizwa chini na kuweza kushika zaidi. Ya nyuma huwa mepesi. Ya nyuma yakijifunga kabla ya ya mbele, mkia wa gari hutaka kutangulia kichwa. Fundi akashauri tubadilishe za mbele, tuziache za nyuma. “Kirangozi ndiye asimame kwanza,” akasema, bila kujua kwamba alikuwa anatupa kichwa cha insha.

Kazi ilichukua wiki tatu. Ilipatikana ekseli ya mbele ya Land Rover changa zaidi iliyoharibika katika ajali, ya aina iliyotoka kiwandani na diski tangu mwaka 1983. Hapo tulidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo inaanza. Ekseli ile ilikusudiwa kukaa juu ya springi za koili, na yetu ni gari la springi za majani. Fundi alipima siku mbili kabla ya kuchomelea vikalio vipya, kwa kuwa kosa dogo la pembe lingefanya usukani uwe mzito au uhangaike. Kisha akahesabu meno ya difu. Ya gari letu huhitaji shafti kuzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ya ekseli mpya ni mara 3.54. Mbele na nyuma zikipingana hivyo, siku utakapotia magurudumu manne yavute kwa pamoja zitavunjana. Ikambidi aitoe difu ya zamani na kuitia ndani ya ekseli mpya. Hivyo mwili ulikuwa wa mgeni, moyo ukabaki wa mwenyeji.

Ikafuata masta silinda. Ya zamani ilikuwa na njia moja: bomba likipasuka gurudumu moja, yote manne hukosa nguvu. Akaweka yenye njia mbili, ya mbele na ya nyuma, ili moja ikifa nyingine ibaki. Akaongeza busta, kwa sababu diski haijisaidii yenyewe kama shuu zinavyojivuta ndani ya dramu. Yahitaji msukumo mkubwa zaidi kuliko mguu wa mtu. Akapima kama rimu zetu za inchi 16 zitazunguka bila kugusa kalipa. Tukamwaga mafuta yote ya zamani, tukatia mapya, tukatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, tukianza na lililo mbali zaidi na masta silinda.

Jaribio la kwanza, katika barabara ya udongo nje ya mji, lilituaibisha. Gari lilisimama, ndiyo, lakini lilivuta kushoto kama ng'ombe aliyeona malisho. Kulikuwa na hewa iliyobaki katika kalipa ya kulia. Tukarudi, tukatoa hewa upya. Jaribio la pili lilisimama sawasawa. La tatu tulilifanya baada ya kupita katika dimbwi, na la nne tukiwa na mzigo wa mawe. Mwisho tulilipeleka kwa mkaguzi wa magari wa polisi, kwa sababu badiliko la breki si siri ya mtu na fundi wake. Barabara ni ya wote.

Sasa ndipo ubishi ulipoanza. Mtaani petu yuko mwalimu mstaafu aliyetufundisha shule ya msingi, mtu wa heshima na mwenye kumbukumbu kali. Alikuja jioni, akaizunguka pikapu na fimbo yake, akainama kutazama magurudumu.

“Mmemkata mzee miguu, mkamtia ya mtu mwingine,” akasema.

Tukamwambia, “Shikamoo, Mwalimu. Miguu ya kwanza ilikuwa itatuua.”

“Marahaba. Leo breki, kesho injini, keshokutwa bodi. Niambieni, ni siku gani mtasema kwamba gari la baba yenu limekwisha?”

Swali hilo halikuwa jepesi, wala hatukulijibu jioni ile. Wako wanaofikiri kwamba kuheshimu cha kale ni kutokigusa. Wako wengine wanaofikiri kwamba cha kale ni takataka inayosubiri siku yake. Tulilala nalo usiku kucha, na asubuhi tukamwomba Mwalimu tuandamane hadi Kwihara, kwenye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Tulisimama mbele ya mlango wake wa mbao, tukamwuliza Mwalimu kama angependa nyumba ile iezekwe kwa mabati ya rangi ili isivuje. Akacheka, akasema huo ungekuwa wazimu.

Basi tukampa jawabu letu. Tembe la Kwihara kazi yake leo ni ushahidi. Shahidi akibadilishwa maneno, ushahidi hupotea. Yafaa litunzwe kwa udongo na miti ile ile. Lakini pikapu bado inabeba watu. Kazi yake ni kuwafikisha na kuwarudisha, na mtoto aliyekaa juu ya jiwe pale Sekenke ana haki juu yake kuliko kumbukumbu yetu. Urithi wa kutazamwa na urithi wa kutumiwa si kitu kimoja, na kosa letu mara nyingi ni kuzichanganya sheria zake. Tukamkumbusha lugha aliyotufundisha yeye mwenyewe. Neno “safari” lilitoka kwa Waarabu, “gari” likatoka Bara Hindi, “breki” likatoka kwa Waingereza. Lakini Mswahili akisema “breki za gari zimeshika”, mgeni huyo ameingia katika ngeli zetu, anatii upatanisho wetu wa kisarufi kama mwenyeji. Viungo vingi ni vya kigeni, chasisi ni yetu. Hakuna aliyelia kwamba Kiswahili kimekwisha.

Mwalimu alinyamaza kwa muda. Kisha akatoa sharti ambalo sisi, pamoja na maneno yetu yote, hatukuwa tumelifikiria.

“Vema,” akasema. “Lakini andikeni. Aliyebadilisha bila kuandika amedanganya, hata kama amefanya jema. Mjukuu atakayelifungua gari hili ajue kipi ni cha mzee na kipi ni chenu, na kwa nini.”

Tulikubali kwamba ametushinda. Leo ndani ya kisanduku cha pikapu limo daftari. Ukurasa wa kwanza unaeleza breki alizozikuta baba. Wa pili, siku tulipozitoa na tukio la Sekenke, bila kulificha kosa letu. Wa tatu, vipimo vyote vya fundi. Kurasa zinazofuata ni tarehe za kubadilisha mafuta ya breki, na aliyeziandika nyingi ni mpwa wetu, aliyejifunza kazi hiyo kwa fundi yule yule. Na tukifika kileleni bado tunasimama, tunashuka, tunayapima magurudumu kwa mgongo wa kiganja. Diski hazikuifuta kawaida ya mzee. Zilitupa nafasi ya kuirithi kwa mara ya pili.

Dramu mbili za mbele hatukuziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Moja tunayo. Nyingine Mwalimu aliiomba kwa ajili ya shule ya msingi, ambako imefungwa kwa mnyororo katika tawi la mwembe na kugongwa kwa nondo kila asubuhi. Sauti yake husikika mbali, na watoto waliokuwa wakikimbia husimama.

Enyi walimu wenzetu wa malezi, na ninyi wanafunzi mtakaopokea vitu vingi mlivyoachiwa na msivyovichagua: msiogope kubadilisha kinachoua, wala msione haya kuhifadhi kinachofaa, lakini pimeni kabla ya kukata, jaribuni kabla ya kupakia watu, na andikeni mlichofanya. Nasi, kwa kuwa mazoea ya mtunga mashairi hayana breki, twafunga kwa ubeti mmoja:

Safari siyo mwendo tu, kusimama ni safari,
Mizigo mingi ya watu, yataka mwenye habari,
Aongozaye wenzetu, ajue na kusubiri,
Chombo kisichosimama, si urithi ni hatari.